Re: Rangi za maji zinakuwa tope, nihamie za mafuta?
Mkuu, umeuliza kwa nini rangi zako za maji zinageuka tope na kama uziache uhamie za mafuta. Usihame bado. Tope mara nyingi linakuja ukirudisha brashi palepale wakati karatasi bado mbichi, au ukichanganya rangi nne tano kwa mpigo, we weka tabaka moja jepesi liache likauke kabisa, ligusie mgongo wa kidole, ukisikia ubaridi ujue bado lina maji, likikauka ndo uweke la pili. Anza na nyepesi kwenda nzito, na nyeupe yako ni karatasi yenyewe kwahiyo sehemu za mwanga ziache toka mwanzo. Karatasi ya kuprintia itakusumbua tu, inajikunja na kuchubuka, tafuta nene ya gramu 300 kwa mita moja ya mraba, hata vipande vidogo.

Za mafuta hazikauki kwa maji kupotea, mafuta yenyewe yanashika oksijeni ya hewani yanaganda taratibu, inaweza kuchukua siku kadhaa. Tabaka la chini liwe na mafuta kidogo, la juu yazidi, ukigeuza litapasuka baadaye. Akriliki (rangi ya plastiki inayochanganywa na maji) weka chini ya mafuta, kamwe sio juu yake.

Ila kwa ulipofikia mi naona shida kubwa ni vivuli kuliko rangi, chukua mkaa uchore yai jeupe chini ya taa moja, mwanga utoe kwa kufuta na kifutio. Ukimaliza tupia picha tuone.