Hizo Euro 992 Si Mshahara

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, na mvua zimeanza huku Moshi.

Umeuliza kama uanze kutuma euro 200 kila mwezi kwa ajili ya ada ya mdogo wako. Jibu langu ni hapana, angalau kwa mwaka huu. Nakuandikia kwa kirefu kwa sababu kwenye simu utanikatiza.

Ile Sperrkonto, akaunti iliyofungwa unayotolewa hela kwa mafungu ya kila mwezi, tuliijaza euro 11,904, na sehemu kubwa ni mkopo wangu wa SACCOS. Kila mwezi unafunguliwa 992. Hapa nyumbani watu wamezigeuza shilingi wakaona mshahara wa bosi. Ni hela zetu wenyewe zinakurudia kidogo kidogo, na Ujerumani imezikadiria zitoshe mtu kuishi tu. Toa kodi ya hicho chumba kipya, 380. Toa bima ya afya, karibu 140. Unabaki na 472. Ukinitumia 200, hizo 272 ndizo ule, uvae koti la baridi, ulipe simu, na bado uweke mchango wa muhula wa chuo?

Tena chakula si ndicho kinachoninyima usingizi. Kibali chako cha ukaazi kikikaribia kuisha, ofisi ya wageni itataka kuona tena utaishi kwa hela gani. Mimi SACCOS ya pili sina. Kwa hiyo chochote cha kibarua kitakachobaki, weka akiba ya siku hiyo. Karatasi za malipo za kila mwezi usitupe hata moja, maana mapato ya kazi nayo huangaliwa.

Kazi yenyewe ina mipaka: siku nzima 140 kwa mwaka, au nusu siku 280. Ziandike mwenyewe kwenye daftari, usimwachie mwajiri akuhesabie. Kazi za usaidizi pale chuoni haziingii kwenye hesabu hiyo, kwa hiyo waulize walimu wako kwanza kabla hujakimbilia maghala ya usiku. Wakati wa masomo usipite saa 20 kwa wiki, usije ukaipoteza bima ya bei ya mwanafunzi.

Mwenye nyumba anayetaka dhamana ya miezi mitatu kwa mkupuo, mwandikie kwa adabu kwamba sheria yao inakuruhusu kuilipa kwa awamu tatu, ya kwanza siku unayoanza kukaa. Piga picha kuta na sinki kabla hujapanga vitu. Ukishahamia una wiki mbili za kuandikisha anwani mpya. Barua ya ada ya redio na televisheni ikija, euro 18.36 kwa mwezi, usidhani ni utapeli. Ni ya nyumba nzima, analipa mmoja mnagawana. Na chupa za plastiki za kutumika mara moja rudisha dukani, unarudishiwa senti 25 kila moja. Usione aibu, Wajerumani wenyewe wanapanga foleni.

Ada ya mdogo wako nimeshazungumza na shule, nailipa kwa awamu. Ukimaliza masomo ukapata kazi ya kweli, hapo nitakuomba mwenyewe, wala sitazunguka.

Baba yako mdogo akikupigia tena kuhusu pikipiki, mwambie hela zote anazo mama. Aje, nitampigia hesabu nilizokupigia wewe.

Mama