Kabla Hujanunua Kiwanja Kando ya Mto Mahakam, Subiri Maji Yapande

Nimeishi miaka tisa katika kijiji kidogo cha kando ya mto Mahakam, katika jimbo la Kalimantan Mashariki nchini Indonesia, nikiwa mke wa mtu wa huko niliyekutana naye tulipokuwa wanafunzi Yogyakarta. Kila ninapokwenda Ikwiriri, kwetu Rufiji nchini Tanzania, kuwasalimu wazazi, hakosekani ndugu wa kuniuliza iwapo ni kweli kwamba ardhi ya huko ni rahisi, na kwamba mtu anaweza kujinunulia kiwanja akajenga nyumba ya mbao inayotazama mto. Huwajibu wote kwa maneno yale yale: kaa kwanza mwaka mzima, uyaone maji yakipanda na uyaone yakishuka, na katika mwaka huo usimpe mtu yeyote hata senti moja ya arubuni. Mimi sikukaa. Tulihamia kijijini mwezi wa Juni, na kufikia Septemba tulikuwa tumekwisha kulipa.

Kilichoniponza kwanza ni masikio yangu. Mswahili akiyasikia maneno ya ardhi ya Kiindonesia hudhani yuko nyumbani, kwa sababu sisi na wao tumechota kisima kimoja cha Kiarabu: hak ni haki, milik ni milki, waris ni mrithi, wakaf ni wakfu, hibah ni hiba, izin ni idhini, na hata karatasi yenyewe huitwa kertas. Nilipoambiwa kwamba kiwanja tulichokipenda kingeweza siku moja kupata Hak Milik, nililielewa neno nikaridhika, wala sikuuliza ni haki ya nani. Sheria yao kuu ya ardhi ya mwaka 1960, katika kifungu cha 21, inasema kwamba haki hiyo ni ya raia wa Indonesia peke yake. Hatuna sababu ya kulalamika, maana Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 nayo haimpi ardhi asiye raia isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Mgeni anayeishi Indonesia kihalali anaweza kupangisha ardhi, au kupewa haki ya matumizi iitwayo Hak Pakai kwa muda uliowekwa, na kwa mtu asiye na ndoa huko, mkataba wa upangaji ulioandikwa vizuri mbele ya notari, yaani mwanasheria anayeandika na kuthibitisha mikataba, ndiyo njia ninayomshauri.

Utakutana na watu watakaokuonyesha njia ya mkato, yaani ununue kwa jina la rafiki, dereva au shemeji, kisha mwandikiane pembeni kwamba mwenye mali ni wewe. Kifungu cha 26 cha sheria hiyo hiyo kinaubatilisha mpango wa namna hiyo, ardhi inaangukia mikononi mwa Serikali, na fedha ulizomlipa muuzaji huwezi kuzidai. Nimewahi kumwona mzee mmoja mgeni akiishi kama mpangaji asiye na mkataba katika nyumba aliyoijenga kwa pensheni yake. Mwenye jina alikuwa hajamdhulumu. Alikuwa amekufa tu, na watoto wake hawakuwa na habari za rafiki wa baba yao.

Waliooa au kuolewa huko wana mtego wao mwingine, nao ndio ulionipata mimi. Nilidhani kwamba kwa kuwa mume wangu ni raia, kiwanja kingeandikwa kwa jina lake na mambo yangeishia hapo. Notari wa mjini, mama mmoja mpole mwenye miwani mikubwa, aliuliza swali moja tu: je, mna mkataba wa kutenganisha mali? Hatukuwa nao. Kwa mujibu wa sheria ya ndoa ya mwaka 1974, mali inayochumwa ndani ya ndoa ni ya wote wawili, kwa hiyo ardhi anayoinunua raia aliyeoana na mgeni inakuwa nusu yake imeingia mikononi mwa mgeni, na Hak Milik haikubali hilo. Zamani mkataba huo ulipaswa kufanywa kabla ya ndoa au siku ya ndoa, na aliyechelewa alikuwa amechelewa. Tarehe 27 Oktoba 2016 Mahakama ya Katiba ya Indonesia iliamua kwamba wanandoa wanaweza kuuandika hata wakiwa tayari katika ndoa. Tuliuandika kwa notari, tukaupeleka ukasajiliwa katika ofisi iliyotufungisha ndoa, na kwa ushauri wangu jambo hilo lifanywe kabla hujaanza hata kutazama viwanja. Mkwe wangu alinuna kwa muda, akidhani tunajiandaa kuachana.

Hiyo yote ni sheria ya mjini. Kijijini, karatasi unayopewa ni Surat Keterangan Tanah, ambayo watu huiita SKT, na ningependa nieleze jinsi yetu ilivyopatikana, kwa sababu humo ndimo tulimokosea. Muuzaji alikuwa ami yake mume wangu, mzee ambaye kijiji kizima humwita Julak. Asubuhi ya siku ya kupima alikuja amevaa buti za mpira na panga mkononi, akatangulia mbele akifyeka, mume wangu akamfuata na kamba ya nailoni iliyofungwa fundo kila baada ya mita moja, nami nikaandika kwenye daftari: mbele, mto, nyuma, shamba la mpira, kaskazini, mrambutani mkubwa ulio ukingoni, kusini, uzio wa jirani. Mita 20 kwa 40. Majirani wawili walitia saini kama mashahidi, mkuu wa RT akatia yake, na mkuu wa kijiji akapiga muhuri. RT, kwa msomaji wa Tanzania, ni kama balozi wa nyumba kumi. Mfumo huo ulianzishwa na Wajapani walipoikalia nchi hiyo wakati wa Vita Kuu ya Pili, na umedumu hadi leo. Nilirudi nyumbani na karatasi yangu yenye muhuri wa bluu nikiwa nimefurahi, wakati SKT inasema tu kwamba fulani anakikalia kipande fulani na majirani hawana pingamizi. Hati ya kumiliki hutolewa na ofisi ya taifa ya ardhi, na ofisi hiyo huichukulia SKT kama dalili ya kuanzia.

Tulipima Septemba, wakati wa kiangazi, mto ukiwa umejikunja chini ya ukingo wa udongo mrefu kunishinda. Mwezi wa Desemba maji yalianza kupanda, kwa upole, kiganja kimoja kwa usiku, bila ile ghadhabu ya mafuriko tuliyoizoea Rufiji mvua zikinyesha bara. Wiki ya tatu nilisimama kwenye kiwanja changu maji yakinifika kiunoni. Majirani walikuwa wamekwisha kupandisha kuku, pikipiki na majiko kwenye sakafu za juu, watoto wao wakienda shule kwa njia ya mbao iliyojengwa juu ya nguzo, na hakuna aliyeona ajabu isipokuwa mimi. Nilipomwendea Julak kumuuliza kwa nini hakutuambia, alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Mwanangu," alisema, "mlitaka kupima kiangazi, nikadhani mnajua."

Sikuwa na la kumjibu, maana mimi ni mjukuu wa watu walioishi kwenye dungu, wakilinda mpunga juu ya nguzo huku maji yakipita chini yao. Nilipaswa kuuliza.

Pigo la pili lilitoka kwa ofisi ya ardhi. Kanuni ya wizara ya mwaka 2015 inataka kwamba nje ya mji, penye mto mkubwa usio na tuta, eneo la akiba liwe angalau mita 100 kutoka ukingoni, na kiwanja chetu chenye kina cha mita 40 kilikuwa chote ndani ya eneo hilo. Karibu kijiji kizima kiko humo, kwa sababu kilijengwa enzi ambazo mto ulikuwa ndiyo barabara pekee na hakuna aliyekuwa na haja ya kukaa mbali nao. Nyumba za zamani haziji kubomolewa kesho, lakini hati mtu hapewi, na asiye na hati hawezi kuiweka nyumba rehani benki. Kwa hiyo mtu akikuonyesha kiwanja kinachogusa maji na kukuahidi hati kamili, muulize ameipataje.

Mwaka wa tatu mrambutani wetu wa mpakani ukaanguka mtoni. Mahakam ni njia ya makaa ya mawe. Mchana na usiku matishari yaliyojaa makaa hukokotwa kuelekea chini, na mawimbi yao huutafuna ukingo polepole, hasa maji yanaposhuka na kuacha udongo uliolowa ukining'inia. Tulipoteza karibu mita mbili za ardhi, lakini hasara kubwa ilikuwa ule mti, kwa sababu ndio ulioandikwa kwenye SKT. Jirani wa kaskazini alikumbuka uliposimama. Mwanawe, ambaye alikuwa amerudi kutoka Samarinda akitaka kujenga nyumba ya walet, wale ndege mfano wa mbayuwayu ambao viota vyao huuzwa ghali kwa Wachina, alikumbuka vingine. Tulikaa nyumbani kwa mkuu wa RT jioni mbili, kwa chai na ndizi za kukaanga, hadi tukakubaliana. Sasa pembe zote zina vigingi vya ulin, mti mgumu wa Kalimantan ambao ukiutosa majini unazama kama jiwe, na tulipovipigilia tulipiga picha majirani wote wakiwa wamesimama kando yake. Mpaka wowote unaotegemea mti, mfereji au ukingo uugeuze uwe kigingi siku ile ile ya kupima, na kila kigingi kipimwe kutoka kwenye kitu kisichohama.

Kuhusu nyumba yenyewe sina maneno mengi. Jenga juu ya nguzo za ulin, na sakafu iwe juu ya alama ya maji ambayo wazee watakuonyesha, uongeze na urefu wa mkono. Wengine hukaa kwenye nyumba za chelezo zilizofungwa kwa kamba ukingoni, ambazo hupanda na kushuka na maji, nazo ni za raha kweli, ila magogo ya chini hulowa na kuchoka, na kuyabadilisha ni gharama inayorudi kila baada ya miaka kadhaa.

Watu watakuambia pia uweke vizimba vya samaki chini ya nyumba, kwa kuwa vinaingiza fedha. Tuliviweka vitatu vya nila, yaani sato. Baada ya mafuriko marefu, maji yaliyolala kwenye vinamasi huozesha majani, huishiwa hewa na kuwa meusi kama chai iliyokolea, kisha mto unaposhuka hutiririka na kuingia mtoni. Wenyeji huyaita bangar. Saa kumi usiku nilisikia kama mvua chini ya sakafu, nikashuka na tochi, nikakuta samaki wote midomo juu wakitwetea. Jirani alikuwa tayari anavua wake na kuwatia chumvi ili angalau wawe ng'onda. Kulipokucha, wetu walikuwa wanaelea. Aliyekaa mwaka mzima angeshajua kwamba maji yakianza kunuka na kamba wa mtoni kupanda kwenye nguzo, vizimba huvunwa jioni ile ile.

Nilichokipata kwa kuchelewa kuliko vyote kilikuwa karibu kuliko vyote. Kila usiku wa kuamkia Ijumaa wanawake wa mtaa wetu husoma Yasini nyumbani kwa mmoja wao, kisha huchezesha arisan, ambayo ni upatu wetu huu huu, wenye daftari, zamu na manung'uniko yake. Mwaka wa kwanza niliona haya, kwa kuwa Kiindonesia changu kilikuwa cha darasani na wao huongea Kikutai. Nilipojiunga, Yasini niliyofundishwa chuoni Ikwiriri ikawa ndiyo lugha yangu ya kwanza nao, na kati ya kisomo na kugawana vitumbua nikaanza kusikia mambo ambayo hayamo katika ofisi yoyote: kiwanja kipi kiliuzwa mara mbili, ndugu yupi hakushirikishwa kwenye mirathi, ukingo upi ulimeguka mwaka gani. Kiwanja chetu cha pili tulikisikia humo. Kiko nyuma ya shamba la mpira, kwenye mwinuko, nje ya zile mita 100, na muuzaji alikuwa na hati kamili. Wenzangu wa upatu walikuwa wamekwisha kuniambia kwamba dada zake wote wameridhia. Hati sasa ina jina la mume wangu. Akitangulia yeye, nami nikirithi sehemu yangu ya ardhi hiyo, sheria inanipa mwaka mmoja tu wa kuihamishia kwa mwenye sifa, kwa hiyo tumekwisha kuzungumza na notari kuhusu watoto, ambao kwa sheria ya uraia ya mwaka 2006 wana uraia wa pande mbili hadi wafikie umri wa kuchagua.

Nyumba ya mtoni hatukuiuza. Tunaanikia samaki pale, na wageni wa kiangazi hulala humo. Kwenye nguzo ya jikoni nimechonga alama ya kila mwaka mahali maji yalipofika; ya chini kabisa iko sawa na kifundo cha mguu, ya juu inanifika kifuani. Mtu akija mwezi wa Septemba kuulizia kiwanja cha kando ya maji, mume wangu humpeleka kwanza kwenye nguzo hiyo, kisha ndipo humwitia Julak.