Hasienda za sukari za Morelos hazikuanza enzi za Porfirio Díaz

Je, hasienda za sukari, yaani mashamba makubwa ya miwa yenye viwanda vyake, za jimbo la Morelos nchini Meksiko zilianza enzi za Porfirio Díaz, rais wa nchi hiyo mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20? Hapana, hazikuanza na Díaz. Hernán Cortés, Mhispania aliyeiteka Meksiko, alikuwa na kinu cha miwa Tlaltenango, karibu na mji wa Cuernavaca huko Morelos, tangu karne ya 16, na watumwa Waafrika walifanyishwa kazi katika mashamba ya eneo hilo. Kilichobadilika miaka ya 1880 ni reli, iliyofika Cuautla, mji mwingine wa Morelos, mwaka 1881, na mitambo. Zamani sukari ilimiminwa kwenye vyungu vya umbo la pia, ikafunikwa udongo mbichi ili molasi, yaani shira nyeusi, ichuruzike polepole kwa wiki kadhaa. Mashine za kuzungusha kwa kasi zikaifanya kazi hiyo kwa dakika chache tu. Lakini muwa ukishakatwa hauvumilii: usipokamuliwa ndani ya siku moja au mbili, sukari yake huanza kupotea. Basi mtambo mkubwa ulidai miwa mingi iliyo jirani, na miwa hiyo maji ya kumwagilia. Hapo ndipo wenye hasienda walipozidi kunyang'anya vijiji ardhi na maji, kikiwemo Anenecuilco, kijiji cha Emiliano Zapata, kiongozi wa wakulima katika Mapinduzi ya Meksiko. Ila ugomvi wenyewe wa mipaka ulikuwapo tangu utawala wa Wahispania.