Wadogo zangu mnaoenda kuanza kazi studio za TV Tokyo

Nawaandikia nyie mnaoanzia chini kabisa, wale wasaidizi wanaoitwa AD. Hiyo kazi nimeifanya, na natamani mtu angeniambia mapema kwamba kule kabla hawajaangalia unajua nini wanaangalia kwanza unasalimiaje.

Ukiingia studio, hata kama ni saa tatu usiku, salamu ni ohayou gozaimasu, ile ile ya asubuhi. Itoe kwa sauti, kwa kila mtu, kuanzia staa mpaka anayekunja nyaya, usipite kimya eti umebeba vitu. Ukitoka unasema otsukaresama desu, ni kama pole na kazi yetu.

Halafu ukubwa. Sisi shikamoo inafuata umri, kule inafuata nani alitangulia kuingia kwenye fani, na kwa wachekeshaji ndo kabisa, utakuta mtu wa miaka 35 anaongea kwa adabu zote na dogo wa 25 kwa sababu dogo alianza mwaka mmoja kabla yake, na wakienda kula huyo dogo ndo analipa hata kama mfukoni kumekauka. Hili mimi nalipenda sana.

Ila heshima hiyo hiyo imefunika mambo mazito. Mwaka 2023 kampuni ya Johnny & Associates, iliyolea vijana waimbaji kwa miaka mingi, ilikiri kwamba mwanzilishi wake Johnny Kitagawa aliwadhalilisha watoto kingono, na yeye alikuwa ameshafariki tangu 2019. Minong'ono ilikuwepo miaka yote jamani, vituo vya TV vikawa kimya. Kwa hiyo mheshimu mkubwa wako, ila usimfichie uovu.

Na lugha, Kijapani cha darasani hakitoshi. Wiki yangu ya kwanza mkubwa wangu alinionyesha kiti akasema "isu waratte", nikaganda, maana waratte inatoka kwenye warau, na warau najua ni kucheka, sasa kiti nakichekaje? Kamera zinasubiri, taa zinawaka, mwenzangu akapita haraka akakibeba kiti akakitoa. Studio warau ni kuondoa kitu. Ukimwona mtu anazungusha kidole hewani hiyo ni maki, harakisheni, na ukisikia oshi ujue ratiba imeshachelewa. Kulia na kushoto pia, kamite ni kulia kwa anayetazama jukwaa, siyo kulia kwako wewe uliyesimama juu.