Kabla ya kuhesabu kiingilio, hesabu mikono

Wazazi wakipanga kutoka na watoto siku ya sikukuu, hesabu yao huwa kiingilio, nauli na chipsi kuku. Mikono hawaihesabu. Ndiyo maana ikifika saa tisa mchana pale viwanja vya maonyesho ya biashara ya Sabasaba, Dar es Salaam, utamkuta mama ana mtoto mgongoni, mwingine kamshika mkono, mfuko wa nepi begani, na kwapani kabana dubu la manyoya kubwa kuliko mtoto aliyelililia. Baba watoto yuko mbele na ndoo mbili na zulia, haangalii nyuma. Mimi nina watoto watatu, mdogo bado anavaa nepi, na kwangu kigari cha kumsukumia mtoto na zawadi ni suala moja: chochote mtakachoingia nacho au kukinunua humo ndani, kuna mtu atakibeba mpaka nyumbani.

Nianze na kigari, maana ndicho kinacholeta ubishi kwenye familia. Mama mkwe wangu, mtu wa Tanga, hataki hata kukiona. "Mtoto anabebwa mwanangu, hasukumwi kama mkokoteni wa maji." Huwa namjibu "sawa mama" na kukikunja taratibu, lakini ukweli ni kwamba kwa sehemu kubwa ya jiji hili yuko sahihi. Jaribu kupanda nacho daladala saa moja asubuhi uone konda atakavyokuangalia. Mitaa yetu mingi haina njia ya watembea kwa miguu, na pale ilipo kuna bodaboda zimeegeshwa au mtu kapanga viatu vya mtumba. Kumpeleka mtoto kliniki au sokoni, mbeleko inatosha na inazidi.

Kigari kinalipa penye mambo mawili: sakafu ngumu na mwendo mrefu. Viwanja vya Sabasaba pale Barabara ya Kilwa vina yote mawili. Kutoka getini mpaka mabanda ya mwisho ni safari, na mtoto wa miaka mitatu anayeapa asubuhi kwamba yeye ni mkubwa hataki kigari, ndiye atakayelala humo saa nane mchana mdomo wazi. Maonyesho huanza mwishoni mwa Juni yakaenda mpaka katikati ya Julai, kwa hiyo una nafasi ya kuchagua siku. Nenda katikati ya wiki, mapema. Tarehe 7 Julai yenyewe ni mapumziko ya kitaifa na jiji zima linahamia Temeke; siku hiyo kigari kiache nyumbani, hakuna pa kukipitisha.

Kwenye bustani ya maji ya Kunduchi Wet 'n' Wild kigari kina kazi nyingine. Watoto wako majini, kwa hiyo kinakaa kivulini kimebeba taulo na nguo kavu, na mdogo akichoka anapata pa kulala. Usiache simu wala pochi humo, hata kama mnakiona mlipo. Coco Beach usikipeleke kabisa. Magurudumu madogo yanazama mchangani na utaishia kukibeba pamoja na mtoto. Kisiwani Mbudya ndiyo usifikirie, maana kwenye boti unashuka kwa kukanyaga maji. Kijiji cha Makumbusho, kule Barabara ya Bagamoyo, watoto wanapenda kuingia kwenye zile nyumba za asili za makabila, ila milango ni mifupi na chini ni udongo, hivyo mtoto abebwe ubavuni au mbele, usije ukainama wewe yeye akagonga kichwa.

Kigamboni nako kuna Fun City, bustani ya michezo, na wengi tunapenda kwenda kwa kivuko kwa sababu watoto wanahesabu pantoni kuwa sehemu ya matembezi. Pale Magogoni geti likifunguliwa watu hawatembei, wanakimbia, na ukiwa na kigari umekuwa kizuizi. Mimi hukikunja tukiwa bado kwenye chumba cha kusubiria, mdogo anaingia mbelekoni, wakubwa wanashika kila mmoja upande wake wa kanga yangu, na tunakaa pembeni mpaka wenye haraka wapite. Kama mna gari au mmekodi bajaji, zungukeni Daraja la Nyerere, lile lililofunguliwa mwaka 2016. Watoto watalalamika kwamba hawajapanda pantoni. Wapandisheni wakati wa kurudi kama bado mna nguvu.

Kuhusu aina ya kigari, sina imani na yale makubwa yenye sehemu ya kuweka kikombe na magurudumu ya kutisha. Tafuta chepesi kinachokunjika kwa mkono mmoja, kwa sababu mkono mwingine utakuwa na mtoto. Vya mtumba ni vizuri tu, lakini kabla hujatoa hela kifungue na ukikunje mwenyewe mara kadhaa. Angalia kama kile kifungio cha kukunjia kinabana kweli. Kikiwa kimechoka, kigari kinaweza kujikunja mtoto akiwa ndani au kumbana vidole. Kanyaga breki halafu sukuma. Vuta mikanda kwa nguvu. Muuzaji atakwambia "dada, hicho kimetoka Ujerumani", wewe endelea kuvuta.

Wifi yangu alipopata safari ya Marekani na wanawe alitaka kubeba kigari kikubwa cha watoto wawili. Nikamwambia aangalie vipimo kwanza. Bustani za Disney za huko, tangu tarehe 1 Mei 2019, haziruhusu kigari chenye upana unaozidi sentimita 79 au urefu unaozidi 132, na vile vitoroli vya kuvuta vimepigwa marufuku kabisa. Kwa hiyo hata wenye viwanja vya kifahari wamechoshwa na vigari vikubwa.

Jambo la joto nalisema kwa herufi kubwa kama ningeweza. Jua likiwaka tunachukua kanga na kufunika kigari chote, mbele na pembeni, na kila mtu anaona mama huyu anajali. Kivuli kipo, sawa, lakini hewa haipiti. Joto la humo ndani linapanda kuliko la nje, na mtoto aliyelala hawezi kukwambia. Miezi ya kaskazi, Desemba mpaka Februari, hilo ni hatari kabisa. Tundika kanga upande wa jua tu, mbele pabaki wazi, na kila baada ya muda mfupi mguse shingoni kwa nyuma. Ikiwa ya moto na imelowa jasho, mtoe, mpepee, mpe maji, au mnyonyeshe kama bado hajafikisha miezi sita. Vifungo vya chuma vya mikanda navyo viguse kabla hujamkalisha, vikikaa juani vinaunguza paja.

Sasa mzigo. Kigari kina sehemu mbili tu za kuweka vitu ambazo naziamini, kiti chenyewe mtoto akiwa hayumo, na kikapu cha chini. Ile tabia ya kuning'iniza mifuko kwenye mishikio ya nyuma inapendeza mpaka umwinue mtoto. Uzito wa mbele ukiondoka kigari kinabinuka mara moja, na kama mtoto bado hajafunguliwa mkanda vizuri anaondoka nacho. Pia nendeni na kikapu chenu au mifuko ya kitambaa. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na ukifika bila mfuko utanunua hii mbadala kila banda, mwisho unarudi na rundo la mifuko kuliko vitu.

Zawadi ndizo zinazomaliza hela na amani. Wauza midoli wa getini wanajua kazi yao kuliko sisi tunavyojua ya kwetu. Mtazame anavyofanya: hakusemeshi wewe. Anachuchumaa mpaka macho yake yalingane na ya mtoto, anawasha taa za kile kidude kinachozunguka, anakiweka mkononi mwa mtoto na kurudisha mikono yake nyuma. "Mrembo, hiki chako. Mwoneshe mama." Hapo bei haijatajwa. Mtoto akishakishika biashara imekwisha, kinachobaki ni wewe kuchagua kati ya elfu nne na kilio. Dawa yake ni kupita getini mtoto mdogo akiwa mbelekoni mikono ikiwa ndani, na wakubwa mikono yao ikiwa imeshika kitu. Kipande cha muhogo kinatosha.

Kwa wakubwa nilianzisha utaratibu wa bahasha. Kila mmoja anapewa hela yake nyumbani, elfu tano kwa mfano, na ni yake kweli. Akitaka kununua filimbi saa nne asubuhi anunue, lakini hakuna nyongeza. Ni ajabu jinsi mtoto anayelilia kitu kwa hela ya baba anavyoanza kukigeuza-geuza na kuuliza "kwani mwisho shilingi ngapi?" ikiwa hela ni yake. Binti yangu wa miaka tisa sasa anapunguziwa bei kuliko mimi. Kanuni yetu nyingine ni kwamba kitu cha kuvaa, kofia au miwani, kinanunuliwa wakati wowote, kisichovaliwa kinasubiri mkiwa mnatoka. Kwa Sabasaba kuna faida ya ziada: siku za mwisho wenye mabanda hawataki kurudi na mzigo, na bei ya asubuhi si ya jioni.

Vitu viwili sinunui hata mtoto agaagae chini. Cha kwanza ni vile vya kuwaka taa vyenye betri ndogo za duara, zile za saa, kama kifuniko chake hakijafungwa kwa skrubu. Mtoto akimeza betri hiyo inaweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa mbili. Ukihisi tu kwamba ameimeza, usisubiri itoke yenyewe na usimtapishe, kimbiza hospitali. Cha pili ni puto kwa mtoto anayetia kila kitu mdomoni. Puto likiwa limejaa hewa halina shida sana. Shida ni lisilo na hewa, au vipande vyake likipasuka, vinanasa kooni na ni vigumu kuvitoa. Likipasuka, okota vipande vyote kabla hujambembeleza anayelia.

Kumbukumbu ninayoipendekeza ni picha ya karatasi. Wale wapiga picha wa papo kwa papo, wenye printa ndogo begani, wapo ufukweni na Sabasaba, na picha haina uzito. Kubalianeni bei na idadi kabla hamjasimama, la sivyo atapiga sita na kuzitoa zote, na nani ataacha picha ya mwanawe mkononi mwa mtu? Nyumbani kwetu ziko ukutani sebuleni, wakati midoli ya miaka hiyo yote ilishavunjika kabla ya wiki kuisha.

Kama kuna mgeni au ndugu wa ughaibuni anataka zawadi ya kudumu, mpelekeni kwenye soko la vinyago la Mwenge, si mbali na Kijiji cha Makumbusho, au kwa wachoraji wa Tingatinga pale Oysterbay. Mpingo wa kweli ni mzito kwa namna inayokushangaza mkononi, na kipande chake kikitiwa majini kinazama. Kuna mti mweupe unaopakwa dawa ya viatu ukauzwa kwa jina hilo. Sugua chini ya kinyago kwa karatasi yenye unyevu, ikitoka nyeusi umepata jibu lako. Chochote cha gamba la kasa usiguse, ni marufuku kukivusha mpaka na kitakwama uwanja wa ndege. Na vinyago msiviweke kwenye kigari chini ya mtoto anayepiga mateke.

Wakati wa kurudi ndipo watoto hupotea, kwa sababu kila mtu mzima ana kitu mkononi na anadhani mwenzake kamshika mtoto. Andika namba ya simu kwenye mkono wa kila mmoja kwa kalamu kabla hamjatoka nyumbani. Kisha gaweni kazi kwa majina: baba anakunja kigari na kupakia mzigo kwenye bajaji, mama hagusi mzigo wowote mpaka watoto wote wamekaa. Baba watoto wangu alinuna mwanzoni, sasa ndiye anayewaelekeza wengine pale stendi.

Mkifika, hata kama mmechoka, mwagieni magurudumu maji ya bomba usiku huohuo yatoe mchanga na chumvi, yakikauka mtie tone la mafuta ya cherehani kwenye vyuma. Kitambaa cha kiti kivueni kifuliwe na kianikwe, na vifungo vya mikanda visuguliwe kwa mswaki wa zamani, maana juisi ya miwa ikikaukia humo, safari ijayo mkanda hautafunga.