Jasi kwenye kifusi: usitegemee maji peke yake

Miaka michache iliyopita nilinunua kifusi cha nyumba ya wageni iliyovunjwa upande wa Casuarina, hapa Malindi. Bei ilikuwa nafuu na zege lake gumu kweli. Tukakiponda, tukakichanganya na saruji, tukamwaga sakafu ya baraza ya mteja wangu kule Muyeye. Masika yalipokwisha, sakafu ilikuwa imeumuka katikati na kupasuka pande zote. Niliivunja nikaimwaga upya kwa pesa yangu.

Kilichoniharibia ni jasi, ile ambayo mafundi tunaiita jipsamu. Nyumba nzima ilikuwa na dari za bodi za jasi, na waliovunja waliangusha kila kitu pamoja. Jasi ni salfeti ya kalisi. Ikilowa, salfeti yake huungana na saruji iliyokwisha ganda, zikazaliwa fuwele zinazotaka nafasi. Nafasi hakuna, basi zege linapasuka.

Nilipoambiwa kifusi huoshwa, nikadhani maji yatayeyusha jasi yote. Fanya hesabu hii: lita moja ya maji hubeba kama gramu 2.4 tu za jasi. Pipa la lita 200, hata maji yakishiba kabisa, halichukui nusu kilo. Kuyeyusha bodi moja ya kilo 20 utahitaji mapipa zaidi ya 40, na hapa kwetu maji ya mfereji tunayajua yalivyo.

Kwa hiyo kazi kubwa ni ya mikono, tena kabla ya kuponda. Mweke mtu achague vipande vyeupe. Jasi hukwaruzika kwa ukucha, zege halikwaruziki. Ukuta wa zamani wa chokaa ndio unaochanganya watu. Mzee mmoja, fundi wa chokaa kutoka Lamu, alinifundisha: kwangua unga kidogo, ukamulie limau. Chokaa ya zamani itatoa povu, jasi itanyamaza tu. Tangu siku hiyo limau halikosekani kwenye mfuko wangu wa vifaa.

Ukishaponda, chekecha kikavu, utupe vyote vinavyopita tundu la milimita 5. Jasi ni laini, huwa unga mapema, na unga huo hukusanyika kwenye chenga. Inauma kutupa mchanga, lakini utupe.

Hapo ndipo maji yanapofaa. Loweka kokoto usiku kucha ili mabaki ya jasi yalegee. Asubuhi tia kidogo kidogo kwenye chekeche la waya, ulizamishe ndani ya pipa na kulipandisha na kulishusha kwa mikupuo mifupi. Karatasi huelea, vipande vya bodi hupanda juu, mawe hukaa chini. Viondoe vya juu kwa mkono kabla ya kuinua. Ni kama kuopoa mchele, ila huku tunachokitaka ni mawe. Maji yakigeuka maziwa, yahamishie pipa la pili yatulie. Unaweza kuyarudia kwa kuosha mara ya kwanza, lakini suuza ya mwisho iwe kwa maji safi, la sivyo unairudisha salfeti ileile.

Nakusihi usitumie maji ya bahari, hata pwani ikiwa mlangoni pako. Yana salfeti yake yenyewe, na chumvi yake italisha kutu vyuma vyote vya zege. Visima vyetu vingi navyo vina chumvi, onja kwanza.

Tope linalobaki usilimwage kwenye shimo la choo wala la taka. Jasi ikikaa pamoja na uchafu mahali pasipo hewa, bakteria huigeuza kuwa gesi yenye harufu ya yai viza, na gesi hiyo ni sumu. Mimi hulianika kwenye turubai mpaka likauke, kisha nalitenga.

Kabla ya kuzitumia kokoto hizo, peleka sampuli maabara wapime salfeti inayoyeyuka majini. Kanuni ya Ulaya EN 12620 ina daraja la salfeti isiyozidi asilimia 0.2 ya uzito kwa kokoto za kifusi, na hiyo ndiyo ninayoishika. Hata zikipita siziweki kwenye nguzo wala slabu. Natengenezea njia za miguu na sakafu za mabanda, na baraza ya Muyeye niliimwaga upya kwa kokoto mpya kabisa.