Run si kukimbia tu

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ya kutafsiri maelekezo ya pampu ya maji kutoka Kiingereza. Sentensi moja ilisema: Never run the pump dry. Nikaandika, "Usikimbize pampu ikiwa kavu." Fundi aliyeisoma akadhani inazungumzia mwili wa pampu. Akaumwagia maji kwa nje, akawasha. Ndani hamkuwa na tone. Kumbe ilimaanisha usiiwashe pampu isiyo na maji ndani, maana maji hayo ndiyo yanayopoza na kulainisha sili, yaani kizibo kinachozuia maji yasivuje. Yakikosekana, sili inaungua. Na iliungua. Kosa lilikuwa langu, na liliniuma sana.

Wahariri wa Oxford English Dictionary, kamusi kubwa ya Kiingereza, walipolipitia upya neno run, walihesabu maana 645 za kitenzi peke yake. Usijaribu kuzikariri.

Mimi huanza kwa kuuliza: ni nani, au nini, kinachofanya tendo? Ikiwa ni pua, inatoka kamasi. Ikiwa ni rangi ya nguo, inachuja. Injini inanguruma, mkataba unadumu miaka miwili, barabara inapita kando ya mto. Mtu naye anaendesha kampuni, au anagombea urais. Kiswahili kina kitenzi chake kwa kila mahali, na "kimbia" hakipo hata mahali pamoja. Lakini ukizitazama maana hizi kwa utulivu, nyingi zina undugu: kitu kinakwenda na kuendelea kwenda. Katika Kiingereza cha kale neno hili lilitumika pia kwa maji yanayotiririka, na picha hiyo imenifaa kuliko orodha yoyote.

Wala si jambo geni kwetu. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga kura, tunapiga magoti, tunapiga hodi. Hakuna aliyekuketisha akufundishe maana za piga moja moja. Ulilisikia likiwa na mwenzake, ukalichukua hivyo hivyo. Basi na run lichukue hivyo. Katika daftari andika sentensi nzima, si neno.

Angalia zaidi vineno vinavyolifuata, kwa sababu hapo ndipo wengi tunateleza. We ran out of paper: tumeishiwa karatasi. A car ran over the dog: gari limemkanyaga mbwa. Kisha kuna I ran into the house, yaani nilikimbilia ndani ya nyumba, na I ran into a friend, yaani nilikutana na rafiki bila kutarajia, pengine nikitembea polepole kabisa. I ran into ni ile ile, na maana inabainika kwenye neno la mwisho, kwa hiyo soma sentensi hadi nukta kabla hujaamua.

Siku hizi, kabla sijakabidhi maelekezo ya mashine, namsomea mtu anayeitumia, kisha namwomba anionyeshe kwa mikono yake atakachofanya. Mkono ukienda pasipotakiwa, narudi kwenye sentensi.